Binti kuitwa Aino: je, ni jina la mkosi?

Hongera kwa mtoto, ndugu yangu. Umeuliza kama Aino, jina analolitaka mkeo Mfini, lina mkosi, maana mama mkwe amekuambia ni la msichana aliyezama.

Kisa hicho kipo kweli. Katika Kalevala, utenzi wa taifa la Wafini, Joukahainen anashindwa na mzee Väinämöinen kwa nyimbo za uganga, na ili kuokoa roho yake anaahidi kumwoza dada yake. Aino hamtaki mzee huyo, anakimbia, anazama majini. Baadaye mzee anavua samaki wa ajabu, anataka kumpasua kwa kisu. Samaki anachomoka, kumbe ndiye Aino, na anamcheka! Mimi simwoni kuwa mnyonge hata kidogo.

Jina lenyewe lina asili tamu zaidi. Katika nyimbo za wanakijiji, "aino" lilikuwa neno la kawaida lenye maana ya "wa pekee", likisemwa juu ya binti. Elias Lönnrot, daktari aliyezikusanya nyimbo hizo, ndiye aliyeligeuza kuwa jina la mtu katika toleo la Kalevala la 1849.

Wafini hawakuliogopa. Kuna Aino Ackté, mwimbaji wa opera aliyezaliwa 1876, na Aino Aalto, msanifu majengo. Mtunzi wa muziki Jean Sibelius aliita nyumba yake Ainola kwa heshima ya mkewe Aino.

Mpeni tu. Ila wafundisheni shangazi zake kukaza sauti mwanzoni, ÁI-no, si a-Í-no.