Pete Ilipogoma Kutoka Kidoleni

Juzi msomaji kaniandikia: "Kaka, Jumapili nakimbia kilomita 42 kwa mara ya kwanza. Wameniambia ninywe mpaka mkojo uwe mweupe kama maji ya bomba. Ni kweli?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi niliambiwa hayo hayo.

Mazoezi ya Dar nayaruka, alfajiri za Coco Beach mnazijua. Siku yenyewe ya mbio, Moshi, niliingia barabarani na hofu ya kiu. Kila meza ya maji nilisimama: vikombe viwili, wakati mwingine vitatu. Sisi tunaotumia saa tano na ushee kumaliza nafasi ya kunywa tunayo! Mlima wa kuelekea Mweka ulipoanza, kichwa kikagonga, tumbo likachezacheza kama dumu lililojaa nusu. Nikatapika maji matupu. Mwenzangu wa klabu akapiga kelele, "Huyo kaishiwa maji, mpeni maji!" Nikapewa, nikanywa. Jioni vidole vimevimba, pete ya ndoa ilitoka kwa sabuni.

Mzani ukaniumbua: nimeongezeka kilo moja na nusu. Baada ya kukimbia kilomita 42! Klabuni wananitania hadi leo, na sitajifanya hainiumi.

Sikupimwa damu siku ile, lakini baadaye nilisoma nikaogopa. Maji yakizidi, chumvi ya damuni, sodiamu, hushuka, na ubongo unaweza kuvimba. Mwaka 2002, kwenye marathoni ya Boston, Marekani, watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 waliomaliza. Asilimia 13 sodiamu ilikuwa chini, na walioongezeka uzito ndio waliokuwa hatarini zaidi. Katika mbio hizo hizo mwanamke wa miaka 28 alifariki.

Kwa hiyo, ndugu zangu, pimeni. Siku ya mazoezi marefu panda mzani kabla na baada, bila viatu, jasho limefutwa. Kilo iliyopotea ni kama lita moja ya maji; jumlisha na uliyokunywa njiani, upate jasho lililokutoka. Kupungua kidogo ni kawaida. Mwenye kilo 70 aanze kujiuliza akipungua zaidi ya kilo 1.4. Haile Gebrselassie, bingwa wa mbio ndefu wa Ethiopia, alipoteza karibu asilimia 10 ya uzito wake kwenye marathoni ya Dubai na akashinda, ila wewe si Haile. Mkojo wa asubuhi ukiwa njano hafifu, inatosha. Ukimeza vidonge vya vitamini rangi itakudanganya. Barabarani, kunywa ukisikia kiu. Na nasema tena: pimeni!

Nimemjibu anunue mzani kabla ya viatu vipya. Ameniuliza viatu gani vizuri.