Limonadi yako imekuwa chungu? Lawama ni zangu

Juzi usiku nimepata ujumbe ulioninyima usingizi. Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Dada, nimefuata maelezo yako ya limonadi ya matunda hatua kwa hatua. Jana usiku ilikuwa tamu, nikailaza kwenye friji. Leo wageni wamefika, imekuwa chungu kama shubiri. Nimeongeza sukari vikombe viwili, bado. Naweza kuiokoa?"

Nilicheka kwanza. Halafu kicheko kikanikauka, maana maelezo anayoyasema niliyaandika mimi mwenyewe, miaka mitatu iliyopita, enzi hizo najiona fundi. Niliwaambia mkate malimau vipande vinne, mtupie kwenye blenda na maganda yake na mbegu zake, msage, mchuje, mlaze kwenye friji. "Hakuna kinachopotea," nikajisifu. Makala ile nimeifuta jana. Na kwa kuwa najua wengi wenu mko kama mimi, mnataka mgeni apige funda la kwanza, atulie kidogo, aiangalie glasi, halafu aulize "hii umetengeneza mwenyewe?", basi leo nalipa deni. Ila mnivumilie. Siwezi kulilipa bila kusimulia siku ya kuzaliwa ya mtoto wa kaka yangu.

Joto la msimu ule lilikuwa si la kawaida. Wifi yangu, mke wa kaka, aligawa majukumu: huyu keki, yule viti, fulani vitafunwa. Nikadakia kabla sijaulizwa: "Vinywaji niachieni mimi. Soda za nini, nitatengeneza limonadi ya stroberi." Wifi akaniangalia. "Una hakika?" Swali lile lilinichoma, ndiyo maana nikajibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Usiku wa kuamkia sherehe nikasaga malimau ishirini. Mazima. Nikachuja, nikatia sukari na stroberi zilizosagwa, rangi ikatoka ya waridi, yenyewe kabisa. Nikaonja: tamu, ina uchachu wake, ina harufu. Nikamwita mume wangu aonje, akanywa glasi mbili akiwa amesimama mlangoni mwa friji. Nikalala usingizi wa washindi. Asubuhi sikuonja. Hapo ndipo penyewe, na nitaparudia.

Mchana, mtoto wa kwanza akapiga funda. Akabaki nalo mdomoni, macho yananitazama, hajui alimeze au alirudishe. Akameza. "Shangazi, hii ni dawa?" Watu wakacheka. Nikacheka pia, nikajimiminia, nikaonja. Uchungu haukuja mwanzoni. Ulikuja baada ya kumeza, nyuma kabisa ya ulimi, ukakaa hapo kama mgeni asiyejua kuaga.

Sitasahau dirisha la sebule. Wageni ni watu wa heshima, hakuna aliyesema neno, lakini nilihesabu glasi kumi na moja zimepangwa pale dirishani, kila moja imepungua funda moja tu. Wifi hakuniambia kitu. Alimwita kijana mmoja pembeni, akampa hela, na baada ya robo saa kreti ya soda ikaingia. Angenisema ningejitetea. Kunyamaza kwake ndiko kulikoniumiza, na sitadanganya, kulibaki kifuani muda mrefu.

Kwa siku kadhaa nilitafuta wa kumlaumu. Friji. Stroberi. Nilimuuliza hata mume wangu kama alitia kitu usiku. Maana niliionja! Ilikuwa tamu! Kumbe malimau yana tabia ambayo sikuijua, na nikiwaambia hii, mengine yote yatajieleza.

Ndani ya ule weupe ulio chini ya ganda la njano, kwenye mbegu na kwenye ngozi nyembamba zinazotenganisha vipande vya limau, kuna kitu ambacho kikiwa ndani ya tunda lake hakina uchungu. Ukikisaga kikachanganyika na juisi, asidi ya ile juisi huanza kukigeuza, polepole, mpaka kinakuwa limonini, na limonini ni chungu hasa. Mabadiliko hayo huchukua saa kadhaa. Ndiyo maana usiku nilikunywa tamu na mchana nikawanywesha watu shubiri. Wapo wanaosaga ndimu nzima kwa sekunde chache, wakachuja na kunywa palepale, na wanafurahia, kwa sababu hawaupi uchungu nafasi ya kuzaliwa. Mimi niliulaza usiku kucha. Ninyi nikawafundisha muulaze.

Kwa hiyo la kwanza, na kama huna muda ishia hapa: uchachu na uchungu ni vitu viwili. Uchachu unatulizwa na sukari. Uchungu sukari inaufifisha kidogo tu, haiuondoi, ukizidi kuongeza unapata kitu kitamu chenye uchungu, ambacho ni kibaya zaidi. Uchungu unazuiwa mlangoni, kabla haujaingia kwenye jagi.

Siku hizi nafanya hivi. Malimau yasiwe ya baridi, yakae nje ya friji kwanza. Naliviringisha kila moja mezani kwa kiganja, nikilikandamiza mpaka nalisikia limelainika, ndipo linatoa maji vizuri. Limau la wastani litakupa vijiko vitatu vikubwa hivi, kwa hiyo matano au sita ndiyo kikombe kimoja. Kabla ya kukata, namenya ganda la njano kwa kisu chepesi, njano tu, vipande vyembamba kiasi kwamba ukiviinua mbele ya taa mwanga unapenya. Ukiona weupe umegandia nyuma, ukwangue. Halafu nakata limau na kukamua kwa mkono juu ya chujio, mbegu zibaki juu. Usikamue kwa hasira. Lile tone la mwisho unalolitafuta kwa kusokota ganda mpaka linapasuka ndilo linalokuja na uchungu.

Yale maganda ya njano usiyatupe, humo ndimo ilimo harufu yote. Yatie kwenye bakuli na kikombe kimoja cha sukari, uyasugue kwa vidole. Mara ya kwanza kufanya hivi nilidhani ni ushamba. Baada ya dakika mbili tatu sukari inaanza kulowa bila kutiwa maji, inageuka kama mchanga wa ufukweni, na vidole vinang'aa mafuta. Iache saa moja. Kisha mimina kikombe kimoja cha maji ya moto, koroga mpaka sukari iyeyuke, chuja. Hiyo ndiyo shira yako, na harufu yake itawaleta watu jikoni.

Angalia nilichosema: maji ndiyo ya moto. Juisi ya limau usiichemshe. Nishawahi, nikidhani nitaifanya idumu, ikatoka na ladha ya kitu kilichopikwa, haina uhai. Na siko peke yangu. James Lind, yule daktari wa meli za Uingereza, mwaka 1747 aliwapa mabaharia wagonjwa wa kiseyeye machungwa mawili na limau moja kwa siku, na ndio waliopata nafuu haraka kuliko wenzao. Baadaye akapendekeza juisi ipashwe moto mpaka iwe nzito ili ikae muda mrefu safarini. Joto likala sehemu kubwa ya vitamini C, ile ile iliyokuwa inaponya. Mtu kagundua dawa, kisha kaipika. Nikiisoma habari hiyo huwa najisikia nafuu kidogo kuhusu malimau yangu ishirini.

Matunda sasa. Hapa ndipo wengi mnakimbilia, na hapa ndipo pana kazi ndogo kuliko yote. Vikombe viwili vya tunda lililokatwa vinatosha kwa kikombe kimoja cha juisi ya limau na ile shira. Saga, chuja kama unataka, changanya. Stroberi usizipike, zikipikwa zinaonja kama jamu. Embe ni zito, litakudai maji zaidi. Tikiti maji karibu lote ni maji, kwa hiyo punguza maji utakayotia, la sivyo utapata kinywaji chenye rangi bila ladha. Pasheni usiisage kwenye blenda mpaka mbegu zivunjike, koroga nyama yake kwenye chujio kwa kijiko, mbegu zibaki nzima. Mnaona ni hadithi ile ile? Mbegu zibaki nzima. Sijui niseme mara ngapi.

Maji baridi anza na vikombe vinne, lakini shira tia nusu kwanza, onja, kisha ongeza kidogo kidogo. Ukishamimina shira yote hakuna kurudi nyuma. Na uonje ikiwa ya baridi, si ikiwa ya vuguvugu, kwa sababu ubaridi unaupunguzia ulimi uwezo wa kuusikia utamu. Kinachoonja sawasawa mezani kitaonja kikali kikitoka kwenye friji. Barafu nayo itayeyuka, kwa hiyo jagi liwe na nguvu kidogo kuliko unavyopenda. Mimi huwa natia na chumvi, ile ya kushika kwa ncha za vidole viwili tu, inaufifisha uchungu mdogo uliopenya bila wewe kujua. Ikizidi hapo watu watauliza.

Chombo kiwe cha kioo au cha chuma cha pua. Sufuria ya alumini haipatani na asidi, limonadi ikikaa humo itaanza kuonja chuma. Kwenye friji, siku tatu, nne ukijitahidi. Ukiona vipovu na hujatia soda, imeanza kuchachuka, achana nayo.

Na sasa naomba niseme jambo moja kwa ukali kidogo. Tatizo letu si malimau. Tatizo letu ni haraka. Tunaona picha ya glasi yenye majani ya mnanaa, tunatengeneza mara moja, tunapiga picha yetu, tunaandika maelezo, tunapokea sifa. Nani kati yetu anarudi kesho yake kuonja? Mimi sikurudi. Niliandika makala ile nikiwa nimeonja usiku mmoja tu, ikiwa bado ya vuguvugu, mimi na mume wangu ambaye hunisifia hata chai ya maji matupu. Ni kabla ya sherehe ile, na hata baada ya aibu yenyewe sikuja hapa kuwaambia. Nilinyamaza miaka mitatu, nikitumaini hakuna anayeisoma. Kumbe kuna mtu ameisoma, akakaribisha watu. Mkitengeneza chochote cha kuwapa watu, kionjeni siku ileile ya kukitoa, kutoka kwenye jagi lilelile, dakika tano kabla ya wageni. Kama huna muda wa kuonja, basi huna muda wa kukaribisha.

Wiki iliyopita wifi kanipigia simu. Tumeongea mambo ya watoto, shule, kaka na mgongo wake. Karibu na kuaga akasema, "Wifi, Jumamosi nina wageni. Jagi mbili." Hakusema za nini. Nilitengeneza ya embe, na Jumamosi nikaenda mapema, nikaonja mbele yake, nikamuonjesha na yeye. Akanywa yote. Majagi yalirudi matupu, na mmoja wa wageni alikuwa anagongesha barafu kwenye glasi tupu akitafuta tone la mwisho. Nimeandika hapa kwa makusudi, najua wifi huwa anapita kimyakimya.

Basi dada uliyeniandikia, jibu la swali lako: hapana, haiokoki. Sukari haitaisaidia, asali haitaisaidia, kuongeza maji kutakupa uchungu mwingi zaidi wa kumwaga. Imwage, wageni wakishaondoka. Mimi yangu niliibeba kwenye ndoo usiku ule, nikazunguka nyuma ya nyumba ya kaka gizani nikidhani watu wote wamelala, nikaimwaga chini ya ukuta taratibu ili isitoe sauti. Nilipoinua kichwa, dirisha la jikoni lilikuwa wazi na wifi amesimama pale, kitambaa cha kukaushia glasi mkononi. Tuliangaliana. Akazima taa ya jikoni, akalirudisha dirisha polepole.