Mazoezi si adhabu

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Umeniuliza kama ulipie jimu ya pale Kimara mwaka mzima kwa mkupuo, ili hela ikubane uende, kwa kuwa ukianza mwenyewe humalizi mwezi. Jimu nitaifikia. Kinachonishughulisha ni kwamba unautafutia mwili wako mnyapara.

Na najua ilikoanzia. Ulikuwa darasa la sita. Mlichelewa mstarini kwa sababu ya mvua, mwalimu wa zamu akawarusha kichura kuzunguka uwanja mzima. Ulirudi sketi imejaa tope, hukusema neno. Asubuhi ulishuka kitandani kwa kushika ukuta, na keshokutwa yake ndiyo ikawa mbaya zaidi: chooni hukuweza kuchutama mpaka dada yako akakushika mikono yote miwili. Damu inanichemka hadi leo nikikumbuka. Msuli wa paja huumia zaidi unaposhuka na uzito kuliko unapoinuka nao, na kichura ni kushuka na kutua, kushuka na kutua. Maumivu yake hukomaa siku ya pili au ya tatu. Mtu anayefundisha watoto alipaswa kulijua hilo. Lakini mapaja yalipona ndani ya wiki. Kisichopona ni kwamba mtoto aliyekuwa akicheza rede na kombolela mpaka adhana ya Magharibi, kwa raha zake, alitoka pale anaamini kukimbia ni malipo ya kosa.

Labda nakuza mambo. Wenzako walirushwa kichura siku ileile na leo wako Coco Beach kila Jumamosi wanakimbia na vikundi vyao. Kweli. Lakini tazama unavyoanza wewe: Januari ulikula pilau ya mwaka mpya, kesho yake ukakimbia kilomita tano kwa hasira; wiki ya tatu miundi ikauma, ukaacha. Kabla ya hapo ilikuwa baada ya harusi ya Zuhura. Kila mara unakuwa unalipa ulichokula. Deni likishalipwa, au likionekana halilipiki, sababu ya kuamka inakwisha. Mazoezi si adhabu, mwanangu. Nimekuambia tangu uko sekondari na nitarudia.

Miundi nayo iliuma kwa sababu inayojulikana. Pumzi hujengeka upesi kuliko mfupa na kano. Wiki ya pili unajisikia una nguvu, unaongeza mbio, na mfupa bado haujakuwa tayari. Kwa hiyo sasa usikimbie kabisa. Ukienda kazini, shuka basi la mwendokasi kituo cha Fire badala ya Posta, malizia kwa miguu, na jioni ufanye vivyo hivyo ukirudi. Tembea kwa kasi inayokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Hicho ndicho kipimo, huhitaji saa ya mkononi. Viatu vya ofisini vikae kwenye mkoba, raba miguuni tangu nyumbani, maana ukisema utabadilisha njiani hutabadilisha. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mwendo wa namna hiyo kwa wiki, na tangu mwongozo wake wa mwaka 2020 halidai tena kwamba kila kipande kifike dakika 10. Hata ngazi za ofisini zinahesabika. Bibi yako wa Pangani hajavaa raba maisha yake yote, na mlima wa kwenda shamba anaupanda akipiga soga.

Siku mbili kwa wiki ongeza misuli. Keti kitini na uinuke bila kushika kitu, mara 8, ukishuka taratibu kwa hesabu ya tatu. Kisha sukuma ukuta mara 8, yaani pushapu za kusimama. Pumzika dakika moja, rudia, basi. Utatamani kuongeza siku hiyohiyo. Usiongeze, hasa wiki mbili za mwanzo. Ukiona umefika 15 bila kuyumba, acha ukuta uhamie ukingo wa meza imara, na sakafu ije baadaye. Fanya wakati chai inachemka, kila mara wakati huohuo, ili chai ndiyo ikukumbushe. Ukingoja moyo uwe tayari utangoja sana. Moyo hufuata miguu.

Wakikuambia siku 21 zinatosha kujenga mazoea, usiwasikilize. Watafiti wa University College London walifuatilia watu waliokuwa wakijizoesha jambo moja dogo kila siku, wakachapisha matokeo mwaka 2010: mtu wa katikati alihitaji siku 66, aliyezoea upesi zaidi 18, na kwa aliyechelewa zaidi makadirio yalifika 254. Mazoezi yalichukua muda mrefu kuliko kunywa maji. Nakuandikia hili kwa sababu wewe ukikosa siku moja unasema umeharibu yote. Walikuta kukosa siku moja hakukuvunja kitu. Endelea kesho kwa kiasi kilekile, wala usifanye maradufu kufidia, kwa sababu kufidia ni kichura kilekile kwa jina jingine. Ikinyesha, panda hadi Posta kama kawaida na ufanye ya kitini nyumbani.

Mizani iweke chini ya kitanda. Mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo, na polepole, ukiyapima hivyo utayaona hayana maana. Angalia usingizi, angalia ngazi. Na presha ipo ukoo mzima wa baba yako, hilo unalijua. Kutembea mara kwa mara huishusha hata kwa mtu asiyekonda. Ukisikia kifua kinabana au kizunguzungu, simama na uende hospitali siku hiyohiyo.

Sasa jimu. Hela ni zako, nilijiahidi sitasema lipa wala usilipe. Huenda huko utapata wenzako, na wenzako ni kitu kikubwa. Mashine nazo si mbaya. Ila mwaka mzima? Haya. Tembea kwanza kutoka Fire mpaka Ramadhani iishe, kisha ukiwa bado unaitaka, lipia mwezi mmoja.

Mama yako