Maswali yenu: Sauti hutufikiaje?

Jirani akiniita kutoka ng'ambo ya barabara, ile pumzi yake ndiyo inayofika sikioni mwangu? (Msomaji, Buruburu)

Hapana, pumzi haifiki mbali. Kumbuka foleni ya matatu jioni pale Ambassadeur, watu wamebanana. Wa nyuma akisukuma, msukumo hupita bega kwa bega hadi kwa wa mbele, na hakuna aliyeiacha nafasi yake. Chembe za hewa nazo hubanana, zikaachana, zikarudi zilipokuwa. Kinachosafiri ni msukumo. Ukitaka kuushika kwa mkono, jaza puto, ulishike kwa ncha za vidole mbele ya redio. Mtangazaji mwenye sauti nzito akianza kusoma habari, puto litatetemeka vidoleni. Wazazi, wafanyieni watoto jambo hili leo, hata kabla ya kuwaeleza chochote.

Mbona honi ya treni naisikia wazi alfajiri, na mchana siisikii? (Umoja)

Utulivu wa alfajiri unachangia, lakini kuna jambo tamu zaidi. Sauti hukimbia zaidi kwenye hewa yenye joto: nyuzi 20 ni kama mita 343 kwa sekunde, na kila nyuzi inayoongezeka huleta kama sentimita 60 zaidi. Mchana lami na mabati yakichemka, hewa ya chini ndiyo ya moto, basi sauti hupinda kuelekea juu na kukupita. Usiku wa Januari usio na mawingu, ardhi hupoa upesi na hewa iliyoigusa hupoa nayo. Sehemu ya juu ya wimbi hutangulia, ya chini ikachelewa, na wimbi lote likainama hadi dirishani kwako.

Je, sauti huku Nairobi ni ya polepole kuliko Mombasa kwa sababu tuko juu? (Lang'ata)

Kidogo, ila ni kwa ajili ya baridi. Wepesi wa hewa peke yake haubadilishi kasi. Huku kukiwa na nyuzi 18 na Mombasa 28, tofauti ni kama mita 6 kwa sekunde.

Baa ya jirani ikipiga muziki nafunga madirisha, lakini besi inaingia tu. (Zimmerman)

Pole sana, najua usingizi unavyopotea. Mlio wa "s" katika wimbo hutetemeka mara elfu kadhaa kwa sekunde, na ukuta wa mawe huuzima kwa urahisi. Besi ya mitetemo 50 ina wimbi la karibu mita 7, nayo huutikisa ukuta wenyewe, ndiyo maana vikombe kabatini vinalia. Pazia zito halitakusaidia. Mwombe mwenye baa ashushe besi kwenye mashine na aziinue spika kutoka sakafuni, aziweke juu ya raba nene.