Maswali ya Wasomaji: Vipepeo wa malisho ya Masisi

Swali: Kila tunapopanda Masisi kutoka hapa Goma tunaona vipepeo wa rangi ya chungwa wakiruka chini chini juu ya majani ya ng'ombe, na weupe wachache kati yao. Je, ni jamii moja? Na wanafunzi wangu wanaweza kuwafuga darasani?
*Mwalimu wa shule ya msingi, Himbi, Goma*

Jibu: Mwalimu, huyo wa chungwa ni *Colias electo*, aliyepewa jina na Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden, mwaka 1763. Akitua hufunga mabawa, hivyo usingoje akuonyeshe upande wa juu. Mtazame jua likiwa nyuma yake, utaona ukingo mweusi ukionekana kupitia bawa. Kisha tafuta doa la rangi ya fedha lenye mzingo mwekundu, katikati ya bawa la nyuma upande wa chini. Mweupe mwenye doa hilo ni jike wa jamii hiyohiyo. Weupe huo hurithiwa na hujitokeza kwa majike tu. Mweupe asiye na doa ni wa jamii nyingine.

Kuwafuga kunawezekana, na anzeni na mayai. Mfuateni jike anayeruka polepole akigusagusa majani ya trefli, mmea wa malisho wenye majani matatu matatu. Hutaga yai moja moja juu ya jani, na yai husimama wima. Likiwa jipya ni jeupe-manjano. Baada ya siku moja au mbili huwa la chungwa, na hilo ndilo jicho hulipata upesi. Kateni kikonyo kizima.

Msitumie bokali lililofungwa kwa kifuniko. Jasho la majani hubaki ndani, viwavi hulegea, huwa weusi na kuoza, na mmoja akiugua huambukiza wengine. Fungeni mdomo wa bokali kwa kitambaa cha chandarua, tandazeni karatasi chini, na chomekeni vikonyo kwenye kichupa cha maji kilichozibwa kwa pamba ili viwavi wasizame. Badilisheni trefli na karatasi kila siku. Majani yenye umande yakaushwe kwanza. Lusini, mmea mwingine wa malisho, pia inafaa. Kiwavi ni kijani, ana mstari mweupe ubavuni, na hujilaza juu ya mshipa wa jani mpaka asionekane kabisa, kwa hiyo msitupe majani ya jana kabla ya kuyakagua.

Wekeni vijiti vilivyosimama. Kiwavi aliyekomaa hujifunga hapo kwa uzi wa hariri kiunoni na kuwa pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa kipepeo. Kipepeo akitoka lazima apate pa kuning'inia. Akianguka, mabawa hukauka yakiwa yamekunjamana na hataruka kamwe. Mkiona vifuko vidogo vya hariri kando ya kiwavi anayekufa, ni nyigu wa vimelea aliyetaga ndani yake tangu porini.

Swali: Mbona kukiwa na ukungu hawaonekani hata mmoja?
*Msomaji wa Sake*

Jibu: Wapo, wamejificha majanini. Vipepeo wa jenasi ya *Colias*, yaani kundi la huyo wa chungwa na ndugu zake, huruka vizuri misuli ya kifua ikiwa na joto la nyuzi 35 hadi 39 hivi, na hawana njia ya kulipata isipokuwa jua. Mwangalie kipepeo jua linapochomoza: huinamia upande mmoja mpaka ubavu wa mabawa yaliyofungwa uelekee jua sawasawa. Unga mweusi wa upande wa chini hunyonya joto. Wingu likipita, hutua tena.

Swali: Je, viwavi hao watamaliza trefli ya ng'ombe wangu?
*Mfugaji, Masisi*

Jibu: Usihofu, mzee. Mayai hutagwa moja moja na viwavi hutawanyika. Ng'ombe mmoja hula kwa siku trefli ambayo kiwavi hawezi kuigusa maisha yake yote. Ila dawa ya kupe ikimwagika malishoni huwaua. Mnyunyizie ng'ombe kwenye zizi au kibanio cha kumshikia ng'ombe, na mwache akauke kabla ya kumrudisha nyasini. Mwalimu naye asikate trefli karibu na mahali hapo.