Dawa ya sonona na mgonjwa aliyeacha kulala

SWALI: Asalaam alaykum, daktari. Mdogo wangu wa kike ana miaka 24, tunakaa Wete. Alilala kitandani karibu miezi miwili, hali wala hasemi, akaandikiwa fluoksetini kwa ajili ya sonona. Wiki ya tatu aliacha kulala: saa nane za usiku anafagia uwanja huku akiimba, na pesa za karafuu za mama amezigawa kwa majirani. Wazee wanasema ni sheitani. Je, dawa ndiyo iliyomharibu? Na Ramadhani inakaribia, atafunga?

JIBU: Waalaykumu salaam, na poleni nyote. Habari ya ufagio wa saa nane za usiku itamfaa daktari kuliko kipimo chochote, kwani nashuku ana baipola, maradhi ya akili ya kupanda na kushuka, nayo haionekani katika damu. Hutambuliwa kwa historia. Anapokuwa chini, mgonjwa wa baipola hafanani na mwengine ila na mwenye sonona. Kinachowatenganisha ni kule kupanda: usingizi kidogo bila ya kuchoka, maneno mengi, matumizi ya ovyo, kwa wiki nzima au zaidi. Hakuna aendaye hospitali kulalamika kuwa ana nguvu nyingi, kwa hiyo daktari wa mwanzo aliona nusu ya maradhi. Dawa ya sonona ikitumika peke yake yaweza kumpandisha mwenye baipola. Naamini imeyafichua maradhi, haikuyaleta.

Mrudisheni hospitali leo, msingoje siku ya kliniki, na mtaje fluoksetini, ambayo kwa kawaida husimamishwa kwanza. Mkipewa rufaa ya Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili huko Unguja, ikubalini. Kumsomea Qurani hakuzuii dawa. Ninachokukatazeni ni kumfunga kamba. Na siku akishuka akataja kufa, asiachwe peke yake hata kidogo.

Akitajiwa sodiamu valproeti, dawa mojawapo ya baipola, mkumbusheni daktari kuwa ni msichana wa umri wa kuzaa, kwani dawa hiyo hudhuru mtoto tumboni. Lithiamu, iliyoanza kutumika kwa maradhi haya mwaka 1949, hutuliza na hupunguza hatari ya mgonjwa kujiua, lakini inataka kupimwa damu zikishapita saa 12 tangu kumeza, pamoja na figo na tezi ya shingo.

Kuhusu saumu, mwaka huu asifunge. Kukatizwa usingizi kwa ajili ya daku kunaweza kumpandisha upya, na akiwa kwenye lithiamu, kukaa na kiu kutwa huipandisha dawa katika damu, kama zifanyavyo dawa za maumivu za dukani, mfano diklofenaki. Mkiona anatapika, mikono inatetemeka sana au anapepesuka, msimpe dozi nyengine. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.