Maswali na majibu: mwenyeji wa kujitolea kwenye magofu ya pwani

Maswali ya safari hii yanatoka kwa wanaotaka kujitolea kuwa wenyeji wa msimu, yaani kukaa kwenye kituo cha urithi miezi miwili mitatu, kupokea wageni na kulinda eneo. Wengi wanalenga magofu ya pwani, Kaole hadi Kilwa, kwa hiyo majibu ni ya huko.

Posho ni shilingi ngapi kwa siku?

Hakuna posho. Swali hili haliishi kuletwa, na anayelileta huwa hajauliza yale ya maana: chakula analipa nani, nauli ya boti analipa nani, na ukiugua malaria nani anagharamia matibabu. Matatu hayo yaandikwe na kusainiwa kabla hujafunga begi. Ahadi ya mdomo huondoka na aliyeitoa siku akihamishwa kituo.

Nazungumza Kiingereza na Kifaransa vizuri. Naweza kuwatembeza wageni mwenyewe?

Hapana, na naomba wote wenye wazo hili wasome mpaka mwisho. Kwanza, Sheria ya Utalii ya 2008 inataka mwongoza watalii awe na leseni. Pili, na hili ndilo zito zaidi, pale Kilwa Kisiwani watu wanaishi kijijini, jirani kabisa na magofu. Kijana wa pale akimtembeza mgeni, ndiyo riziki yake. Wewe ukimtembeza bure kwa Kifaransa kizuri, umemnyang'anya, na Oktoba unaondoka zako.

Kazi yako ni hii: fungua asubuhi, fagia njia, mwandike mgeni daftarini (jina, nchi, saa ya kuingia na ya kutoka), hakikisha ana kibali, mpe kanuni kwa dakika tano, kisha mkabidhi kwa mwongozaji wa zamu. Orodha ya zamu ibandikwe ukutani mahali ambapo kila mtu anaiona. Ukianza kuchagua nani apewe kundi kubwa, ndani ya wiki mbili kituo kina kambi mbili.

Kama una lugha, kaa na waongozaji jioni mfanye mazoezi. Wasaidie pia kupanga tarehe. Wageni wengi huondoka wakiamini Gereza, yaani ile ngome ya Kilwa Kisiwani, lote ni la Wareno. Wareno walijenga ngome yao 1505, lakini kinachoonekana leo sehemu kubwa ni kazi ya Waomani. Husuni Kubwa, lile jumba la sultani, ni ya karne ya 14, na msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa 1331. Mwongozaji mwenye tarehe sahihi hulipwa vizuri zaidi kuliko mwenye hadithi ndefu.

Viingilio naweza kupokea kwa simu yangu halafu nikawasilisha?

Usiguse. Kwenye kituo cha serikali mgeni alipe kwa namba ya malipo ya serikali apewe risiti, na kwenye kituo cha kijiji alipe kwa mhasibu wa kijiji.

Ni miezi gani mizuri?

Juni hadi Oktoba, au Desemba hadi Februari. Masika ya Machi hadi Mei achana nayo: njia zinateleza, kuta zilizolowa hudondosha mawe, na wageni hakuna. Katikati ya mwaka kusi huvuma, na bahari huchafuka kuanzia mchana, kwa hiyo wageni wa kisiwani wavuke asubuhi. Jifunze maji. Kila siku kujaa na kupwa huchelewa kwa kama dakika 50, na siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka mbali sana. Mzee wa miaka 70 akikwama kwenye tope na viatu mkononi, kosa ni la mwenyeji ambaye hakumuuliza nahodha.

Kuna ukuta umepasuka. Nina rafiki fundi na mifuko miwili ya saruji. Tuuzibe?

Msithubutu. Kwanza ni kosa kisheria: eneo lililohifadhiwa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 halikarabatiwi bila idhini. Lakini hata ungekuwa na idhini, saruji ingeua ukuta huo. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hunyonya unyevu wa ardhini wenye chumvi na kuutoa hewani. Ukizipaka saruji, unyevu hukosa pa kutokea. Chumvi hujikusanya nyuma ya saruji, inaganda na kuvimba, na baada ya misimu michache plasta hubanduka kwa mabamba ikiwa imeng'oa na uso wa jiwe.

Mafundi wa kazi hii hutumia chokaa iliyolowekwa shimoni kwa wiki nyingi, sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu. Mchanga wa ufukweni hautumiki, kwa sababu una chumvi. Kisha hufunika kazi kwa magunia yaliyoloweshwa ili isikauke haraka.

Wewe piga picha ufa ukiwa umeweka rula pembeni, andika tarehe, zungushia kamba wageni wasikaribie, peleka taarifa. Rudia picha kila wiki kutoka palepale. Na ukikuta mtini umeota ukutani, usiung'oe! Mizizi hutoka na mawe. Toa taarifa, na anayehusika aukate shina ufie hapohapo.

Mgeni ameokota kigae cha chungu, anasema ni kidogo tu.

Akirudishe palepale alipokitoa, siyo mfukoni mwako wala kwenye meza ya ofisi. Kigae kikishahama hakimwambii tena mtaalamu kitu. Vivyo hivyo shanga na sarafu.

Nilizaliwa Tanga lakini nina pasi ya Uingereza. Viza ya utalii inatosha?

Haitoshi. Kwa sheria ya Tanzania wewe ni mgeni, na kujitolea kunahesabiwa kazi. Kibali cha ukaazi cha wanaojitolea ni daraja C, na kituo ndicho kianze kukuombea. Kituo kinachokwambia "njoo tu, tutaona huku" kikatae.

Mimi ni mwanamke, nitakaa peke yangu. Niulize nini?

Omba picha ya mlango wa chumba chako na komeo la ndani. Uliza funguo za ziada zinakaa kwa nani, choo kiko umbali gani, usiku mlinzi ni nani na mtandao gani wa simu unashika. Ukifika, siku ya kwanza nenda kwa mwenyekiti wa kijiji ukajitambulishe na barua yako, kisha kwa akina mama wa nyumba za jirani. Vaa khanga au dera kijijini, na msikitini usiingie bila kuuliza, hata ule uliobaki gofu: mingine watu bado wanaswalia.

Nibebe nini?

Chandarua chenye dawa, tochi mbili, dawa zako za miezi yote, viatu vya kufunga na vya kuingia majini. Visima vingi vya visiwani ni vya maji chumvi, kwa hiyo hesabu lita tatu za kunywa kwa siku na ndoo moja ya lita 20 ya kuoga na kupikia. Uliza maji hayo yanakuja na boti ya siku gani, na boti isipokuja nani ana tanki.